Kilosa, mji wa reli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wengi wamepita Kilosa usiku, kichwa kimelalia dirisha la behewa, wakaamshwa na kelele za wachuuzi na kulala tena kabla ya Munisagara. Wengine wanaijua kwa jambo moja tu, kwamba ndiko reli inakokatika mvua ikinyesha. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayorudi kila mara kwa wanafunzi, wasafiri na watoto wa Kilosa waliokulia mbali. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu.

Kilosa iko wapi hasa?

Ni makao makuu ya Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro, magharibi ya Morogoro mjini. Kwa reli ya zamani ni kama kilomita 280 kutoka Dar es Salaam. Simama mjini utazame mashariki: utaona tambarare ya Mkata, pana na bapa, inayoelekea Morogoro na kushuka kusini hadi Hifadhi ya Mikumi. Geuka magharibi, milima imekusimamia karibu kabisa: Rubeho upande wa magharibi na kusini, Ukaguru upande wa kaskazini. Milima hiyo ni sehemu ya safu ya Tao la Mashariki, ile inayoanza Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa.

Mji umekaa penye mshono wa tambarare na milima, kwenye kingo za Mto Mkondoa. Ukishaelewa hilo, mengi yanayofuata yatajieleza yenyewe.

Kwa nini reli ilipitishwa hapa penye milima, wakati tambarare ipo?

Tambarare haifiki bara. Anayetoka pwani kwenda Dodoma, Tabora au Kigoma lazima aipande ile milima mahali fulani, na mahali penye nafuu ni pale mto ulipokwisha kupachimba. Mkondoa umekata bonde jembamba katikati ya Rubeho na Ukaguru, na bonde hilo linafungukia Kilosa.

Tazama miinuko. Morogoro na Kilosa ziko karibu usawa mmoja, mita 500 hivi juu ya bahari. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100. Maana yake treni ikitoka Morogoro inateleza tambarare hadi Kilosa, kisha kazi ya kupanda inaanza hapo hapo stesheni inapoisha. Wahandisi wa Kijerumani walichagua kuufuata mto: Kilosa, Munisagara, Mzaganza, Kidete, Godegode, hadi Gulwe. Kwa umbali wa kilomita 80 hivi, reli na mto vinatembea bega kwa bega, wakati mwingine tuta la reli likiwa ndilo ukingo wa mto wenyewe.

Uamuzi huo ulikuwa wa busara kwa mfuko wa mjenzi. Kuchonga mahandaki ni ghali, kufuata bonde ni rahisi. Gharama yake ililipwa baadaye, na waliolipa ni watu wengine. Tutalifikia.

Kabla ya reli kulikuwa na nini?

Njia ya misafara. Bonde la Mkondoa lilikuwa mlango wa bara muda mrefu kabla ya chuma kufika. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji na Unyanyembe ilipita humu ikibeba nguo, shanga na bunduki, ikarudi na pembe za ndovu na watu waliotekwa. Richard Burton na John Speke walipita mwaka 1857. Henry Morton Stanley alipita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, akaikuta Mkata katikati ya masika: matope, maji ya kiunoni, wapagazi wanaugua, punda wanakufa. Aliyewahi kuendesha pikipiki kutoka Kimamba mwezi wa nne atajua kwamba hakutia chumvi.

Wasagara walikuwa na vijiji vyao katika bonde na kwenye miteremko, wakilima na kuwauzia chakula wasafiri. Mbali kidogo na mji wa leo, Kondoa, Wafaransa walikuwa na kituo cha wasafiri miaka ya 1880. Usiichanganye na Kondoa ya Dodoma. Baadaye Wajerumani waliweka askari Kondoa hii ya Usagara, na mwaka 1892 majeshi ya Mkwawa yalishuka kutoka Uhehe yakaivamia na kuiteketeza. Ilikuwa mwaka mmoja tu baada ya Wahehe kuwapiga Wajerumani kule Lugalo.

Ni kweli Chifu Mangungo wa kwenye vitabu vya shule ni wa huku?

Ni kweli. Msowero, ambayo vitabu huiandika Msovero, imo ndani ya Wilaya ya Kilosa, kaskazini ya mji. Mwishoni mwa Novemba 1884 Karl Peters na wenzake walifika hapo, na Mangungo akatia alama kwenye karatasi iliyoitwa mkataba wa urafiki wa milele. Karatasi hiyo ilikuwa kwa Kijerumani, ikidai kwamba ardhi na haki zote za utawala zimekabidhiwa kampuni ya Peters. Tarehe 27 Februari 1885 Kaiser Wilhelm I alitoa hati ya ulinzi juu ya maeneo hayo, Usagara ikiwemo. Koloni la Ujerumani Afrika Mashariki lilianzia kwenye makaratasi ya namna hiyo.

Linaniuma jambo moja. Watoto wetu hufundishwa kumcheka Mangungo, eti aliuza nchi kwa vileo na zawadi ndogo. Mtu asiyesoma Kijerumani, aliyeambiwa na mkalimani kwamba hawa wageni wanataka urafiki, katika nchi ambayo urafiki na wageni wenye bunduki ulikuwa kinga dhidi ya mashambulizi, aliuza nini? Mkataba ambao upande mmoja haujui kilichoandikwa si mauzo. Aliyedanganya yupo, na jina lake limo kwenye karatasi hiyo hiyo.

Reli yenyewe ilijengwa lini, na nani?

Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, mwaka ule ule Vita vya Maji Maji vilipolipuka. Mjenzi alikuwa kampuni ya Philipp Holzmann ya Ujerumani. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, ikaendelea kupitia Kilosa na kupanda bonde hadi Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwanzoni mwa 1914. Jumla ni zaidi ya kilomita 1,250, kwa upana wa mita moja kati ya chuma na chuma. Upana huo ndio unaotumika kwenye reli ya zamani mpaka leo.

Kazi ya mikono ilifanywa na Waafrika kwa maelfu, Wanyamwezi wakiwa wengi na wenye sifa ya uvumilivu. Baba zao walikuwa wapagazi kwenye njia hiyo hiyo. Reli ilipokamilika, kazi ya upagazi ikafa, na Bagamoyo ikafifia.

Vita Kuu ya Kwanza iliiguseje Kilosa?

Waingereza wakiongozwa na Jenerali Jan Smuts waliitaka reli hii, iitwayo reli ya kati, kuliko mji wowote. Kikosi cha Van Deventer, wengi wao askari wa Afrika Kusini, kilishuka kutoka Kondoa Irangi, kikaikamata Dodoma mwishoni mwa Julai 1916, kisha Mpwapwa, na kikaingia Kilosa tarehe 22 Agosti. Wajerumani walirudi nyuma wakivunja madaraja. Waingereza walilazimika kuyajenga upya kabla ya treni kupita tena. Baada ya vita Kilosa ikawa makao ya wilaya chini ya utawala wa Tanganyika.

Mkonge uliingiaje, na kwa nini Kilosa ina watu wa kila kabila?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu Kilosa ya watu ilitengenezwa na mkonge.

Reli ilipopita, ardhi ya tambarare iliyo jirani nayo ikageuka mali ya kuuza nje. Mashamba makubwa ya walowezi, Wagiriki wakiwa wengi miongoni mwao, yakafunguliwa Kimamba, Rudewa, Ilonga, Msowero na kando ya mito. Kabla ya vita pamba ilijaribiwa sana. Baadaye mkonge ukatawala. Wenyeji hawakuwa na shauku ya kukata mkonge kwa mshahara wa shida wakati wana mashamba yao, kwa hiyo wenye mashamba wakaagiza watu kutoka mbali. Ndio waliokuja kuitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Walitoka Uha, Unyamwezi, Ubena, Ungoni, Unyakyusa, hata ng'ambo ya Ruvuma. Tangu 1944 wenye mashamba walikuwa na chombo chao cha kuandikisha vibarua kilichoitwa SILABU, na wengi waliletwa kwa treni hiyo hiyo, wakashushwa stesheni hiyo hiyo.

Kazi ilianza alfajiri. Mkataji anakata majani ya chini, anayafunga mafungu ya majani 30, anayapanga kando ya njia mpaka atimize hesabu ya siku. Miiba ya ncha inachoma, na utomvu wa jani unawasha ngozi siku nzima. Majani yanapelekwa korona, mashine inayoyaponda na kutoa singa. Singa zinaoshwa, zinaanikwa kwenye nyaya mpaka ziwe nyeupe, zinapigwa brashi, zinafungwa marobota, na marobota yanapanda behewa kwenda bandarini. Siku iliyotimizwa iliwekwa alama kwenye kipande, yaani kadi ya kazi ya mfanyakazi. Hesabu isipotimia, siku haikuhesabiwa, hata kama umetoka damu mikononi.

Wengi mkataba ulipoisha hawakurudi kwao. Walioa huku, wakapata kiwanja, wakabaki. Ndiyo maana Kimamba au Kilosa mjini unaweza kukuta familia yenye jina la Kiha, inayozungumza Kiswahili tu nyumbani, ambayo haijawahi kufika Kigoma.

Tanganyika na Zanzibar zilipoungana mwaka 1964, mkonge ulikuwa kileleni, takriban tani 230,000 kwa nchi nzima. Kisha kamba za plastiki zikaangusha bei duniani, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 mashamba mengi yakataifishwa. Kilosa ikaachiwa korona zenye kutu na maelfu ya ekari za mkonge uliogeuka pori.

Wenyeji wa asili ni akina nani, na migogoro ya ardhi inatoka wapi?

Wasagara ndio wa bonde na milima ya Rubeho. Wakaguru wako kaskazini. Sehemu yao kubwa sasa imo Wilaya ya Gairo, iliyomegwa kutoka Kilosa. Wavidunda wako kusini, kwenye milima inayotazamana na Mto Ruaha. Hawa wote, kama Waluguru, kwa desturi hufuata ukoo wa mama, na ardhi ilirithiwa huko.

Wafugaji nao wapo miaka mingi: Waparakuyo, ambao wengi huwaita Wakwavi, kisha Wamasai, Wabarbaig na Wasukuma waliofuata majani ya tambarare ya Mkata. Ongeza manamba na wajukuu wao, ongeza mashamba makubwa yenye hati lakini yasiyolimwa, halafu Hifadhi ya Mikumi iliyotangazwa mwaka 1964. Ardhi inayoonekana tupu ukiwa kwenye treni imeshagawanywa mara tatu. Desemba 2000 huko Rudewa Mbuyuni mgogoro wa wakulima na wafugaji uliua watu 38. Watu wa Kilosa hawajasahau, na mgeni anayekuja kuuliza habari za ardhi aulize kwa adabu.

Kwa nini reli ya Kilosa inakatika kila mvua ikizidi?

Jibu fupi ni kwamba mto na reli wanagombania njia moja. Jibu refu ni hili.

Maji yanayoifikia Kilosa si ya Kilosa pekee. Mto Kinyasungwe unakusanya maji ya Dodoma na Mpwapwa, nchi kavu yenye udongo mwepesi, miti michache na mifugo mingi. Mvua ya kule huja kwa nguvu na kwa muda mfupi, hasa Desemba hadi Machi. Inashuka na udongo na mchanga, inapita Gulwe na Godegode, inaungana na vijito vya Rubeho na Ukaguru, na kwa jina la Mkondoa inabanwa kwenye lile bonde jembamba. Mtu wa Kilosa anaweza kuwa ameanika mpunga juani na mafuriko yakamkuta, kwa sababu mvua imenyesha Mpwapwa jana yake.

Tatizo la pili ni mchanga. Kila mwaka unatuama kwenye kitanda cha mto, kitanda kinapanda, na nafasi chini ya madaraja inapungua. Daraja lililojengwa juu kabisa ya maji linajikuta mchanga umelifikia kifuani. Maji yakikosa njia chini, yanapita pembeni, na pembeni ndipo tuta la reli lilipo. Yanakula tuta kwa chini. Kokoto zinaondoka, udongo unaondoka, na kinachobaki ni chuma na mataruma yakining'inia hewani kama ngazi ya kamba. Ukitazama kwa mbali unaweza kudhani reli ni nzima.

Ndiyo maana kazi ya genge la reli huku ni nzito kuliko sehemu nyingine. Wakati wa mvua, watu hawa hutembea kwa miguu kukagua tuta, au hupita na kiberenge, kigari kidogo cha reli, kabla treni haijaruhusiwa. Treni iliyochelewa saa tano Kilosa huwa inasubiri neno la mtu mmoja aliyelowa, mwenye tochi, anayechungulia chini ya daraja. Abiria wanaolalamika kwenye mabehewa wangemjua, wangemshukuru.

Kulikuwa na kinga za zamani: bwawa la Kidete lililopunguza kasi ya mafuriko, na tuta la kuzuia mto usiingie mjini Kilosa. Zote zilijengwa zamani, zote zilihitaji matengenezo ya mara kwa mara, na matengenezo hayakuja kwa wakati.

Nini kilitokea mwaka 2009 na 2010?

Mwisho wa Desemba 2009 Mkondoa ulivunja tuta na kuingia mjini. Nyumba za udongo zilianguka mtaa baada ya mtaa, na maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema. Wakati huo huo reli kati ya Kilosa na Gulwe ilisombwa sehemu nyingi. Treni ya bara ilisimama kwa miezi kadhaa. Abiria wa Tabora, Kigoma na Mwanza wakalazimika kupanda basi hadi Dodoma na kuanzia treni huko. Kwa mji ambao mama lishe, wabeba mizigo na wenye nyumba za wageni wanaishi kwa stesheni, hilo lilikuwa pigo la pili juu ya la kwanza.

Je, kuna reli nyingine inayotoka Kilosa?

Ipo, na wengi hawaijui. Tawi la Kilosa hadi Kidatu, lililojengwa miaka ya 1960 kupitia Mikumi, zaidi ya kilomita 100 kuelekea bonde la Kilombero na sukari yake. Kidatu ndipo reli ya kati na TAZARA, reli ya kwenda Zambia, zinapokutana, ila hazishikani: TAZARA ina upana wa milimita 1,067 na hii yetu 1,000. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kilijengwa kituo cha kuhamishia mizigo kutoka behewa moja kwenda jingine. Kwenye ramani, Kilosa ni njia panda ya kwenda Kongo kwa upande mmoja na Zambia kwa upande mwingine. Tawi hili lilistahili kupewa kazi zaidi kuliko ilivyopata.

SGR, ile reli mpya ya umeme, imebadilisha nini?

Kipande cha Morogoro hadi Makutupora, kilomita 422, kilijengwa na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki. Milima ya Kilosa ndiyo ilikuwa sehemu ngumu. Badala ya kuufuata mto kila kona, reli mpya imepita juu zaidi, kwenye madaraja marefu, na ndani ya mahandaki manne yenye jumla ya zaidi ya kilomita mbili. Wajerumani walikwepa gharama ya mahandaki; miaka mia moja baadaye imelipwa.

Safari za abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro zilianza Juni 2024 na kufika Dodoma Julai mwaka huo. Treni ni ya umeme na inaweza kwenda kilomita 160 kwa saa. Kilosa ina stesheni yake, na Kidete, Gulwe na Igandu nazo zimo kwenye orodha.

Swali ambalo wazee huuliza ni kama reli ya zamani itaachwa ife. Kwa maoni yangu hilo lingekuwa kosa kubwa. Mizigo mizito na vijiji vidogo vya bondeni, ambako hakuna barabara ya maana, bado vinaitegemea. Mtu wa Mzaganza mwenye magunia yake ya mahindi hana la kufanya na treni inayopita juu ya kichwa chake bila kusimama.

Ilonga ni nini? Naisikia sana.

Ni kituo cha utafiti wa kilimo karibu na mji, leo chini ya TARI, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo. Ukiwa mkulima umeshapanda kazi yao hata kama hujui: mbegu za mahindi kama Ilonga Composite White, Staha na TMV-1 zinatokana na utafiti wa hapo, pamoja na kazi kwenye mtama, mbaazi na alizeti.

Nataka kuja. Nifikeje na nitazame nini?

Kwa barabara, panda gari la Dodoma ushuke Dumila, kisha lami inakuleta hadi mjini kupitia Rudewa. Upande wa kusini unaweza kutokea Mikumi. Kwa SGR, hakikisha treni uliyokatia tiketi inasimama Kilosa, kwa sababu za ekspresi hupita moja kwa moja. Kumbuka pia kwamba stesheni ya SGR na stesheni ya zamani ni mbili tofauti; mwambie bodaboda unayoitaka kabla ya kupanda.

Ukifika, anza stesheni ya zamani asubuhi, kisha shuka hadi daraja la Mkondoa. Wakati wa kiangazi utaona mto mdogo wa maji ya vifundoni katikati ya uwanja mpana wa mchanga. Upime kwa macho huo uwanja: upana wote ule ni wa mto, na masika huuchukua. Ukiwa na siku ya ziada, panda Munisagara ukaone reli ya zamani inavyojibanza kati ya jabali na maji, na ile mpya ikikatiza juu yake. Kuja Juni hadi Oktoba ni bora zaidi. Ukija masika, acha nafasi kwenye ratiba yako ya kurudi.